Kiherehere: Mbio Zisizo na Ujumbe

Andiko la somo: 2 Samweli 18:19–33

Wiki hii tunajifunza neno moja ambalo umelisikia tangu utotoni, na pengine uliitwa nalo mara nyingi kuliko jina lako. Neno lenyewe ni kiherehere.

Mgeni amebisha tu, mtoto ameshakimbia mlangoni kumwambia yote ambayo mama alisema juu yake. "Wacha kiherehere!" Mkutano wa harusi haujaanza, mtu ameshajiteua mwenyekiti wa kamati. "Huyu naye ana kiherehere." Hapa kwetu Kenya mara nyingi tunalitumia hivyo, kumkemea mtu anayejitia mbele katika jambo ambalo hakuitiwa.

Lakini neno hili linaanzia moyoni. Kiherehere ni ile hali ya moyo kudundadunda, kwa hofu au kwa furaha, mpaka mwili hautulii. Hata neno lenyewe halitulii, linajirudia, here-here, kama mapigo ya moyo. Bibi arusi huwa nacho asubuhi ya harusi yake. Mtahiniwa wa KCSE huwa nacho akingoja matokeo. Kwa hivyo tusianze kwa kuhukumu. Moyo unaodunda ni moyo ulio hai. Shida inaanza pale miguu inapoufuata moyo bila kuuliza swali hata moja.

1. Roda: furaha iliyosahau lango

Soma Matendo 12:12–16. Malaika amemtoa Petro gerezani usiku, naye anabisha kwenye nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko. Ndani watu wako kwenye maombi. Msichana aitwaye Roda anaitambua sauti ya Petro, na kwa furaha anasahau kumfungulia! Anarudi ndani mbio kutangaza, huku jibu la maombi limesimama nje gizani, linaendelea kubisha.

Biblia haimkemei Roda, nami simkemei. Ni nani kati yetu hangefanya vile? Ila tujiulize: ni mara ngapi tumeruka na kushangilia hapa kanisani, na yule jirani tuliyekuwa tukimwombea bado yuko nje anabisha? Dada, shangwe yako ni njema. Sasa fungua lango.

2. Ahimaasi: mbio za kutaka kuwa wa kwanza

Huyu ndiye mwalimu wetu mkuu leo. Vita vimekwisha, Absalomu amekufa, na mfalme Daudi ameketi langoni anangoja habari. Ahimaasi mwana wa Sadoki anamwomba Yoabu ruhusa akapeleke habari. Yoabu anamkatalia na kumweleza sababu: mwana wa mfalme amekufa. Si habari ya kukimbilia. Anamtuma Mkushi. Ahimaasi anaomba tena. Yoabu anamuuliza, kijana wangu, unakimbilia nini na hakuna zawadi utakayopata kwa habari hii? Yeye anashikilia palepale: liwe liwalo, nitakimbia.

Na kweli alikimbia! Alipita njia ya nchi tambarare, akamwacha Mkushi nyuma. Mlinzi alimtambua kwa mbali kwa mwendo wake tu. Daudi akasema huyo ni mtu mwema, lazima analeta habari njema.

Halafu likaja swali moja tu: kijana Absalomu yuko salama? Ahimaasi akajibu kwamba aliona msukosuko mkubwa, lakini hakujua ulikuwa wa nini. Mpendwa, Yoabu alikuwa amemwambia! Kiherehere kilimfikisha langoni, lakini hakikumpa nguvu za kusema kilicholetwa na siku ile. Mfalme akamwambia asimame kando. Mkushi akafika nyuma yake, akalijibu swali. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Na usifikiri Ahimaasi alikuwa mtu wa bure. Rudi nyuma kidogo, 2 Samweli 17:17–21. Yeye na Yonathani walijificha kisimani kule Bahurimu, kisha wakampelekea Daudi ujumbe uliookoa maisha yake. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile. Siku ile alitumwa na alikuwa na neno la kusema. Siku hii alijituma.

3. Mimi na kware

Siwezi kuwahubiria hili nikijificha. Mnakumbuka ile homa ya kware, mwisho wa 2013 kuingia 2014? Kila mtu alisema mayai yake yanatibu kila ugonjwa, na bei ikawa ya kushangaza. Watu walipanga foleni kutafuta leseni ya KWS. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya biashara, na tulikuwa na chama kidogo cha watu wa ushirika. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, ngoja kwanza tuone." Nikamwona mtu asiye na imani. Niliandika mpango mzuri wenye hesabu zilizopangika, nikasema mlango huu umefunguliwa na Bwana. Watu wakatoa pesa.

Mimi niliyesomea biashara sikuuliza swali ambalo hata mama mboga huuliza kabla hajanunua gunia: nani atakula hii? Wengi wetu tulinunua kware ili tuzalishe, tumuuzie mwingine anayetaka kuzalisha. Siku wanunuzi wapya walipoisha, bei ilianguka na kila mtu akabaki na ndege wake.

Mama mmoja alikuwa ametoa karo ya binti yake wa kidato cha pili. Jumapili moja alinishika mkono nje ya kanisa, akaniuliza, "Kijana wangu, pesa zetu ziko salama?" Nikamjibu, "Mama, soko limevurugika kidogo, bado tunaangalia." Nilikuwa najua kila kitu. Kware walikuwa wameshauzwa kwa hasara. Niliona msukosuko mkubwa, lakini ati sikujua ulikuwa wa nini!

Ilinichukua miaka miwili kumwendea nyumbani na kusema ukweli. Nikamlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka deni likaisha. Alinisamehe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Lakini binti alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima, na muhula ule hakuna mtu anayeweza kumrudishia.

4. Maswali matatu kabla ya kukimbia

Kwanza, nimetumwa, au nimejituma? Unapotaka kumwendea mtu na "Bwana ameniambia nikwambie," hakikisha ni Bwana, si moyo wako unaodunda. Isaya alikuwa na hamu pia (Isaya 6:8), lakini alijitoa na kusema atumwe. Hakuanza safari kabla ya kutumwa.

Pili, nimebeba nini? Mithali 19:2 inatuonya juu ya hamu isiyo na maarifa na miguu yenye haraka. Kama ukifika langoni utaulizwa swali usiloweza kulijibu, rudi ukajifunze kwanza.

Tatu, nikikosea, nani atalipa? Juzi juzi tumeona msiba ukitangazwa kwenye kikundi cha WhatsApp kabla mama ya marehemu hajaambiwa. Aliyetuma alikuwa wa kwanza, ndiyo. Lakini aliyelipa ni mama, aliyejua kwa simu ya mtu wa kumpa pole.

Kuna mtu atasema pasta anataka kuzima moto. La hasha! 1 Wathesalonike 5:19 inatukataza kumzimisha Roho. Wale wanafunzi wawili wa Emau mioyo yao iliwaka, na ingawa siku ilikuwa imekwisha, waliinuka saa ileile wakarudi Yerusalemu, mwendo wa kama kilomita 11. Hao nao walikuwa na haraka. Lakini walipofika walikuwa na la kusema: walikuwa wamekutana na Bwana mwenyewe. Moyo wako uendelee kuwaka, mpendwa. Kaa kwanza na Bwana mezani, ndipo ukimbie.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni lini kiherehere chako kilimgharimu mtu mwingine? Je, umeshamwendea?
2. Kwa nini Ahimaasi hakumjibu Daudi, na alikuwa ameambiwa?
3. Ni "lango" gani umesahau kufungua kwa sababu ya shangwe?

Tuombe

Baba, asante kwa moyo unaodunda. Utufundishe kungoja kutumwa. Utupe neno la kweli mdomoni, na ujasiri wa kulisema tukifika langoni. Na pale mbio zetu zilipomuumiza mtu, utupe miguu ya kumrudia. Katika jina la Yesu, amina.