Dondoo muhimu: Loki za umeme zikigoma Stockholm

Una Volvo kuukuu pale Rinkeby au Tensta, na asubuhi ya Januari loki zimegoma? Usikimbilie kununua mota. Milango yote ikinyamaza, anza na betri ya rimoti, kisha fyuzi. Ukinyamaza mmoja tu, chungulia ndani ya ule mpira mweusi kati ya mlango na bodi: nyaya zake hukatika kwa miaka ya kufungua na kufunga, na baridi huzifanya ngumu kama vijiti. Ukisikia “tik” lakini loki haisogei, pengine mota bado ina uhai. Huenda barafu imeishika loki. Maji ya moto, hapana kabisa! Yataganda upya. Nyunyiza dawa ya kuyeyusha barafu, na chupa yake ikae nyumbani, si ndani ya gari.