Vidonge vya Saa Nne Usiku

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Kahama upande wa Mwendakulima. Zamani nilikuwa mwanamitindo. Nilianza na mashindano ya urembo ya mkoa, nikaenda Dar es Salaam, nikavaa nguo za wabunifu kwa miaka sita. Nikaolewa na fundi mitambo wa mgodi wa Buzwagi. Mgodi ulipofungwa alikwenda Geita kutafuta kazi, simu zikapungua, mwisho zikakatika. Nikaugua vibaya, nikalazwa Bugando, nikatoka na kilo 41. Nikaokoka. Leo nimenawiri na akina mama kanisani wananiuliza siri yangu. Nimeanzisha mpango wa siku saba: kufunga na maombi, mazoezi alfajiri, na juisi yangu ya choya, bitiruti, tangawizi na mlonge. Chupa za wiki nzima ni 35,000. Nimealikwa kutoa ushuhuda kwenye mkutano wa injili na nimeruhusiwa kuuza palepale. Mwenyeji anataka nieleze jinsi maombi na juisi vilivyonirudishia mwili, na ndivyo ninavyoamini, ingawa vidonge bado natumia, navimeza saa nne usiku watoto wakishalala, nashushia na juisi hiyohiyo. Shangazi, milioni tatu za mtaji nizipate wapi? Nisajili kitu gani? Na picha zangu za vazi la ufukweni, mchungaji anasema nizichome. Nifanyeje? — Mama Juisi, Kahama*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ya kurasa nne. Nimeifyeka, na aliyepunguzwa zaidi ni mumeo, kwa kuwa amekwisha kula nafasi ya kutosha maishani mwako. Watoto wana haki ya matunzo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa na vyeti vyao vya kuzaliwa na namba zote za simu za baba yao ulizo nazo. Kwa leo tumemaliza naye.

Mtaji nao usitule muda. Milioni tatu usikope, huna biashara ya kuzibeba. Ingia kwenye kikundi cha wanawake mkaombe ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, hauna riba. Ukitaka kufungasha juisi, waone SIDO, kisha TBS. Na ukithubutu kuandika kwenye chupa kwamba inaponya, utakuwa umeingia kwenye mikono ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na huko hawatakuuliza habari za upako.

Sasa tuzungumze. Kilichonikwamisha ni kile kidonge.

Umekichomeka kwa neno moja, “ingawa”, halafu ukakimbilia mtaji. Sikuulizi ni kidonge cha nini, na usiniandikie tena kunieleza. Huenda ni cha presha, cha kifafa, cha virusi, au cha ile huzuni nzito ambayo huku kwetu tunaiita mawazo na kuinyamazia. Hayo ni yako na daktari wako. Na zipo dawa ambazo daktari mwenyewe huelekeza zimezwe usiku, hilo nalijua. Lakini daktari hakuandika “watoto wakishalala”. Hayo umeyaongeza wewe.

Kwenye maonyesho ya mavazi, gauni likipwaya hubanwa kwa pini mgongoni, na binti hupita mbele ya watu akijua upande asioruhusiwa kuuonyesha. Umeacha jukwaa, umeokoka, lakini pini bado unayo. Miaka sita watu walikaa na kalamu wakiandika alama za mwili wako. Sasa umewapata watazamaji wengine, safari hii wanasema amina, na wewe umerudi palepale: mwili wako ndio bidhaa, na upande mmoja haugeuzwi. Ndiyo maana nadhani hukuniandikia kwa ajili ya milioni tatu. Uliniandikia kwa sababu juisi ile, kila usiku saa nne, inakusuta.

Nami nitakusuta zaidi kidogo, mayu, kwa sababu jambo hili si lako peke yako. Mwaka 2011 nchi hii ilihamia kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, tuliyemwita Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakapakiwa kwenye mabasi. Wapo waliokata roho kwenye foleni. Wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi, wakaacha za sukari, kwa kuwa kikombe kilitosha. Babu amefariki, ilikuwa 2021, na mimi si mtu wa kumsema marehemu. Yule mzee, kwa jinsi tulivyomsikia, aliamini alichotamka. Wewe utasimama mbele ya watu ukitamka sentensi moja huku nusu yake ya pili iko kabatini.

Mfikirie mama mmoja atakayekusikiliza siku ile. Anauza mchele Kahama mjini, ana presha, kadi ya kliniki iko kwenye pochi. Anakuona ulivyonawiri, anakumbuka picha yako ya kilo 41, anatoa 35,000. Anaweka vidonge pembeni kwa siku saba, maana wewe hukumwambia unavyo vyako. Presha iliyoachwa bila dawa haimpigii mtu hodi. Hasikii chochote, anashukuru, anaongeza wiki ya pili, mpaka asubuhi moja mkono wa kulia unakataa kuinua ndoo. Na mwenzake mwenye sukari hatafika hata huko: akifunga kula huku anatumia dawa, sukari inaweza kushuka akaanguka, na akinywa juisi tamu kutwa nzima inaweza kupanda vilevile. Hapo utamwambia nini? Kwamba imani yake ilikuwa haba?

Nakujua utanijibu kwamba kutaja hospitali kunampunguzia Mungu utukufu. Nani kakufundisha hivyo? Bugando ulikolazwa ni hospitali ya maaskofu Wakatoliki. Kolandoto, hapo Shinyanga, ni ya kanisa la AIC. Waliokuja na Biblia huku Usukumani walikuja pia na bandeji, na hawakuona aibu. Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya ishirini: Hezekia anaugua hata kufa, analia, anaomba, anaongezewa miaka kumi na mitano, kisha nabii Isaya, nabii mzima, anaagiza waandae andazi la tini liwekwe kwenye jipu. Maombi yamejibiwa na dawa imebandikwa, katika sura moja, na mwandishi hakuona sababu ya kuificha tini.

Walio katika njia yako wapo, wala si wa kuwatafuta mbali. Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001, alifanya kazi ya mitindo mpaka New York huku tumbo likimtesa. Ana endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko, zinaleta maumivu makali ya mwezi na kwa wengi zinazuia mimba. Alisimama hadharani akautaja ugonjwa kwa jina, akasimulia operesheni moja baada ya nyingine, akasimulia hofu ya kutozaa, yeye mrembo wa taifa, katika nchi ambayo mwanamke asiye na mtoto hupewa majina. Akaanzisha taasisi kwa ajili ya wasichana wanaoambiwa maumivu hayo ni ya kawaida. Alipojifungua mtoto wa kiume mwaka 2017, shukrani zake kwa Mungu hazikuzifuta zile operesheni. Wasichana waliomsikia walipata neno la kumpelekea daktari. Waliokusikia wewe wamepata chupa.

Na yupo Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, Miss Universe Tanzania wa 2007, aliyepanda jukwaani Mexico na kichwa kimenyolewa na akaingia kumi bora. Mama yake alikufa katika MV Bukoba, Mei 21, 1996. Taasisi yake iliyoanza 2011 inasomesha wasichana na kuwapatia taulo za kike, na katika kuikumbuka ajali ile aliwahi kutoa maboya ya kujiokolea. Ana biashara pia, rangi ya kucha. Angalia basi alivyopanga mambo yake: rangi ya kucha anaiuza kama rangi ya kucha. Hakumtia mama yake ndani ya kichupa.

Hapo ndipo nilipo mkali, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sitanii. Kazi ya mikono ina bei. Ushuhuda hauna. Ukisimamia darasa la mazoezi umetoa jasho lako, umeamka saa kumi na moja, umenunua mikeka, umejua mgongo upi unaumwa. Toza, na toza bila kujishusha, maana wanawake tumezoea kufanya kazi za watu kwa “Mungu akubariki”. Lakini jambo Mungu alilokutendea ukiwa umelala kitandani na kilo 41, ulipewa bure. Siku unapoliwekea 35,000 utaanza kulitengeneza ili liuzike. Utakata pale palipo pagumu, utapaka rangi pale palipofifia. Umekwisha kuanza: umekata Bugando.

Tena una ujuzi unaoudharau. Miaka sita ulifundishwa kusimama, kutembea, kupumua, kukaa na njaa bila kuanguka (hilo la mwisho lisahau). Kahama imejaa wanawake wanaokaa kutwa kwenye vibanda na migongo imepinda, wanaoinama kupepeta mchele, wanaobeba. Wafundishe kusimama. Wafundishe kuinua ndoo kwa magoti badala ya kiuno. Waambie michembe na matobolwa ya nyumbani si chakula cha aibu, ila kiasi, na mlenda usiachwe kwa sababu ya soda. Choya yako wape, ni kinywaji kitamu, bila sukari.

Kisha toka nje ya kanisa. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji 2009 na kufika mwisho 2021, uliwalea wachache wenye mishahara na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na mumeo alikuwa mmoja wao. Dhahabu yenyewe haijaondoka. Kuanzia kwenu mpaka Geita wapo wanawake wanaoponda mawe na kukaa jirani na karasha kutwa, na vumbi lile lina silika, linaharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili hahitaji tangawizi, anahitaji kupima makohozi, na kipimo hicho ni bure. Wapo wanaochoma dhahabu kwenye jiko la nyumbani, mtoto mgongoni, mvuke wa zebaki umejaa chumba. Hakuna bitiruti itakayotoa zebaki kwenye ubongo wa mtoto. Mtu wa kwenda kuwaambia, anayejua kusimama mbele ya watu na kusikilizwa, anayeweza kuomba nao kabla na baada, ndiye wewe. Hiyo ndiyo huduma ya mwili na roho kwa ukanda wako. Mtafute muuguzi mstaafu, kila kanisa lina mmoja, mgawane mapato, kila Jumamosi apime presha kabla hujaanza mazoezi. Atakayesoma juu, darasa lake siku hiyo ni kwenda kliniki.

Mkutano wa injili usiukimbie. Nenda. Sema uliumwa, ukaombewa, ukalazwa Bugando, ukatibiwa, na bado unatibiwa. Huna haja ya kutaja ugonjwa. Sema waziwazi kwamba asiwepo atakayeacha dawa kwa sababu yako. Kama mwenyeji atasema hayo yanaharibu ushuhuda, mrudishie nafasi yake urudi nyumbani na chupa zako. Meza ya mauzo siku hiyo usiweke kabisa, hata akikubali.

Na kabla ya mkutano, meza kidonge mezani saa moja na nusu, wakati wa chakula, kama daktari wako anaruhusu muda huo, muulize kwanza. Tumia maji. Wanao wakiuliza, waambie mama anakunywa dawa yake. Watoto wa umri huo watauliza mara mbili, halafu watataka kujua nani kamaliza nyama.

Picha usizichome. Ile ilikuwa kazi, uliifanya kwa jasho, na mchungaji hakukulipia kodi ya chumba Sinza. Ya vazi la ufukweni ihifadhi, haihitaji kuonwa na mtu. Chagua moja uliyosimama wima ndani ya kitenge, iweke kwenye tangazo la darasa, na chini yake andika mahali, saa na bei. Ile ya kilo 41 usiiweke pembeni yake.