Sakafu ya mbao Yangambi: tununue paini au mti wa hapa?

Picha huja kwenye simu kutoka kwa ndugu walioko Brussels au Montréal: sebule yenye sakafu ya mbao nyeupe inayong'aa, mtoto anatambaa, na chini maneno mawili, "Ni paini." Anayejenga hapa Yangambi, nchini Kongo, huitazama, kisha huuliza kama naye anaweza kuipata. Swali lake ni la haki, na linastahili jibu kamili, maana sakafu ya mbao hula fedha nyingi na hakuna anayependa kuitandika mara mbili.

Paini ni mti gani, na mbona hapa hatuuoni?

Ni mti wenye majani kama sindano, unaopenda baridi na miinuko. Tanzania wameupanda kwa wingi Sao Hill, kule Mufindi, na Uganda nao wana mashamba yake. Yangambi ni nchi nyingine: joto la wastani nyuzi 25, mvua takriban milimita 1,800 kwa mwaka, na msitu wa limbali, lifaki, mvule na afromozia. Ubao wa paini ukiletwa Kisangani, halafu ukashushwa kwa mtumbwi hadi kwetu, karibu kilomita 100 za mto, gharama ya safari yote hiyo inaingia kwenye bei. Na barabarani utakuwa umepishana na malori ya mbao ngumu za Kongo zinazokwenda kuuzwa Uganda na Kenya.

Paini ina ubaya gani?

Mahali pake haina ubaya. Ni nyepesi, hukauka upesi, randa hupita juu yake bila kumchosha seremala. Lakini chukua kipande cha paini, kikandamize kwa ukucha wa kidole gumba: utaona alama kama mwezi mwandamo imebaki. Sasa fikiria mguu wa kiti, au mchi ulioponyoka mkononi. Mita moja ya ujazo ya paini kavu huwa na uzito wa kilo 500 hivi; lifaki hufika kama 650, afromozia 700, limbali 800. Uzito huo ndio ugumu utakaoukanyaga kila siku.

Mchwa huipenda paini isiyotiwa dawa. Iliyotiwa dawa, hasa ile yenye rangi ya kijani, huenda ina shaba na aseniki ndani yake. Tafadhali, mabaki yake yasiingie jikoni. Moshi na majivu yake ni sumu, hata kama mabaki hayo yanawaka vizuri kuliko makaa.

Lakini iliyokaushwa kiwandani si ndiyo bora?

Hapa wengi hukosea. Mbao za sakafu zinazotengenezwa Ulaya hukaushwa mpaka maji yabaki asilimia 8 au 10, kwa sababu nyumba za kule hupashwa moto na hewa yake ni kavu. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ubao ukikaa Yangambi utanywa maji ya hewani mpaka ufikie asilimia 16 au 18, na ukinywa, unavimba kwa upana. Ubao wa sentimita 12 unaweza kuongezeka milimita 2. Ni kidogo, lakini tandika mbao 30 upande kwa upande, na sakafu itadai sentimita 6 ambazo chumba hakina. Itainuka katikati kama mgongo wa kobe.

Ubao mbichi wa hapa hufanya kinyume chake, na hili nimelilipia mwenyewe. Nilinunua lifaki iliyopasuliwa wiki hiyohiyo, nzuri, nyekundu, yenye harufu ya msituni, nikaitandika kwa haraka kwa sababu wageni walikuwa njiani. Miezi michache baadaye kila ubao ulikuwa umesinyaa kama milimita 4. Mchele ulidondokea kwenye nyufa, mende wakaufuata, na sakafu yote ikang'olewa.

Nitajuaje kama ubao umekauka?

Usitegemee kuugonga na kusikiliza. Pima. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, kwa kuwa ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Omba mizani ndogo, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu. Tuseme kipande kina gramu 560. Kiweke katika tanuri la mikate baada ya mikate kutoka na moto kupungua, ukikitoa kukipima mara kwa mara, mpaka uzito ukome kushuka bila kipande kuungua. Tuseme umebaki 450. Maji yaliyotoka ni gramu 110. Gawanya kwa 450, unapata asilimia 24. Ubao huo haujafaa. Urudishe kwenye rundo.

Rundo lenyewe liwe chini ya paa, juu ya magogo, pande zikiwa wazi upepo upite. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene mmoja, kila kijiti kikikaa sawasawa juu ya mwenzake. Vikipishana, mbao zitapinda. Paka ncha rangi au nta zisipasuke. Ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu utahitaji miezi kadhaa, na heri kipindi cha Desemba hadi Februari, mvua inapopungua, kikute rundo limeshapangwa.

Basi nichague mti upi?

Mvule na afromozia huwashinda mchwa na kuoza, lakini kiini chake tu. Ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gamba ni chakula cha bungua katika mti wowote, hata uwe wa bei gani. Geuza kila ubao utazame kingo zake, na uukatae ule wenye utepe mweupe. Lifaki ni nzuri kwa sakafu kavu ya ndani, ingawa kwa mchwa haina nguvu ya mvule.

Kuhusu afromozia naomba tufikiri mara mbili. Tangu 1992 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, na miche yake haistawi gizani chini ya miti mikubwa. Hapahapa Yangambi, INEAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1933 ambayo leo kazi yake iko mikononi mwa INERA, iliipanda kwa majaribio. Nenda ukaione, utaelewa inavyochukua muda. Lifaki nayo ndiyo inayotulishia viwavi tunaowangoja kila mwaka. Kwa kila mti wake unaokatwa karibu na kijiji, kuna sufuria inayopungukiwa. Muulize muuzaji mti ulikatwa wapi na kwa kibali gani, maana Sheria ya Misitu ya 2002 inadai kibali hata kwa mpasuaji mdogo.

Na chini ya sakafu?

Hewa. Usitandike mbao juu ya udongo. Nguzo fupi za tofali ziinue boriti angalau sentimita 45, ili mtu aweze kuingiza kichwa na tochi kutafuta njia za udongo za mchwa. Acha matundu yenye wavu pande mbili za nyumba. Ukutani acha nafasi ya sentimita 1 hadi moja na nusu kuzunguka chumba, uifunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, usiugusishe msumari na sakafu. Afromozia ikikutana na chuma na unyevu hutoa madoa meusi, kwa hiyo tumia misumari iliyopakwa zinki au skrubu zisizopata kutu.

Tupake oili chafu ya injini?

Msiipake ndani ya nyumba. Ina sumu, inanuka miaka, inashika moto, na mtoto anayetambaa huilamba kupitia viganja vyake. Pakeni vanishi ya sakafu au mafuta ya kitani, tabaka jembamba, mngoje likauke kabla ya la pili. Anayepiga msasa avae kitambaa au barakoa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Na mbao tatu au nne zilizo karibu na mlango wa bafu zifungwe kwa skrubu, ili baada ya masika mzifungue na kuangalia chini.