Mwongozo wa Kukagua na Kutengeneza Vifaa vya Umeme Katika Boti ya Uvuvi Iliyokwisha Kutumika

Mwongozo huu ni wa wavuvi, manahodha na mafundi wa Diani, Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga. Boti ya mtumba huja na redio, GPS na nyaya zilizolowa chumvi kwa miaka. Kazi hii ifanywe majira ya kusi, bahari ikiwa chafu na boti zimepandishwa, ili kaskazi ikiingia kila kitu kiwe tayari.

1. Usalama kwanza
Fungua mifuniko yote, mvuke wa petroli utoke. Kisha ondoa waya hasi wa betri. Cheche moja yatosha kuchoma boti.

2. Pima betri
Iache betri usiku kucha bila kuichaji wala kuitumia, kisha ipime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12.0, ichaji kabla ya kukilaumu kifaa chochote.

3. Fuata waya kabla ya kufungua kifaa
Redio husikia vizuri, lakini ukibonyeza kitufe cha kuzungumza inazima. Wengi huipeleka kwa fundi au huitupa. Redio ya VHF ikisikiliza hula chini ya ampea 1; ikirusha kwa wati 25 hula ampea 5 hivi, na waya uliooza hauwezi kuzipitisha. Rudisha waya hasi wa betri, na mwenzako akibonyeza kitufe, pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya redio. Tofauti ikizidi nusu volti, redio ni nzima. Ubovu uko kwenye waya, kiungio, swichi au kishikio cha fyuzi.

Ondoa tena waya hasi wa betri, kisha chuna ganda la waya wenye shaka. Shaba ikiwa nyeusi au imeota kutu ya kijani, kata mpaka ufikie inayong'aa. Ukikata shibiri nzima na bado ni nyeusi, badilisha waya wote. Uliopakwa bati ndio unaostahimili chumvi. Usisokote nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu: tumia viungio vya kubana, uzibe maji yasiingie. Fyuzi iwe ya kiwango kilekile. Kamwe usiweke kipande cha waya badala yake.

4. Redio
Usibonyeze kitufe cha kuzungumza antena ikiwa haijaunganishwa, utaiunguza redio. Chaneli 16 ni ya dharura na ya kuitana, si ya mazungumzo. Redio yenye kitufe chekundu cha dharura hubeba namba ya tarakimu 9 ya boti yake ya awali. Namba za Kenya huanza na 634. Usipoibadilisha, siku ya shida waokoaji watapewa jina la boti nyingine. Omba leseni na namba kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

5. GPS
Hesabu ya majuma ya GPS hurudi sifuri kila baada ya majuma 1,024. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kifaa cha kale chaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, hata kama mahali ni sahihi. Hakikisha mpangilio wa ramani ni WGS 84. Kikiwa kwenye Arc 1960, mahali huweza kukosewa kwa mamia ya mita, na huo ni umbali wa kukupandisha mwambani. Simama kwenye gati ya Shimoni au mahali pengine unapopajua, ulinganishe na simu yako.

6. Kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti
Tangu tarehe 1 Februari 2009, setilaiti hazisikilizi tena masafa ya MHz 121.5, husikiliza MHz 406 pekee. Tazama pia tarehe ya mwisho ya betri ya kifaa hicho, na kisajiliwe upya kwa jina la boti yako.

Ndugu nahodha, kifaa kisichopita ukaguzi huu king'oe kabisa. Usikiache ukutani, kwani usiku wa dhoruba katika mkondo wa Pemba kuna baharia atakayekitegemea.