Kinyunya cha Biskuti Bila Mayai: Unga Nao Hupikwa

Kinyunya cha biskuti, yaani unga uliochanganywa na siagi na sukari kabla ya kuokwa, huliwa kibichi na watoto wengi na pia na watu wazima ambao hawapendi kukiri. Swali lililoletwa kwenye safu hii linatoka Chepsaita, upande wa Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Mzazi mmoja huwaokea watoto biskuti wakati wa likizo. Baada ya kusikia kwamba mayai mabichi huleta maradhi, aliacha kuyatia, naye anataka kujua kama sasa wanaolamba mwiko wako salama. Bado hawako salama. Mayai ni hatari moja kati ya mbili, na ile ya pili imo ndani ya unga wenyewe.

Hatari ya mayai inafahamika zaidi. Bakteria wa salmonela hukaa juu ya ganda pamoja na kinyesi cha kuku, lakini huweza pia kuwa ndani ya yai zima lisilo na ufa, kwa sababu kuku aliyeambukizwa hulipitishia kabla ganda halijaumbika. Kwa hiyo kuosha ganda hakutoshi. Wala yai la kienyeji halina kinga ya ziada. Kuku anayetembea uani na kuchokora jaani hukutana na vijidudu kama kuku wa kibanda. Nchini Uingereza, mashamba yaliyo chini ya mpango wa alama ya simba huchanja kuku wao dhidi ya salmonela, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ikaruhusu hata wajawazito na watoto kula mayai yenye alama hiyo yakiwa hayajaiva sawasawa. Mayai ya trei yanayouzwa madukani Turbo hayana alama ya namna hiyo, na kuyaacha nje ya kinyunya kinacholiwa kibichi ni uamuzi mzuri.

Tatizo la unga halionekani kwa urahisi, pengine kwa sababu unga ni mweupe, mkavu na umefungwa vizuri kwenye pakiti. Mkulima wa Chepsaita anaijua safari ya ngano kuliko waandishi wengi wa vitabu vya mapishi. Huota shambani panapopita ndege, panya na mbwa, mahali ambapo ng'ombe waliingizwa kula mabua ya mavuno yaliyopita na kuacha samadi. Kombaini huivuna kuelekea mwisho wa mwaka, na mvua ikichelewa kukatika, nafaka humwagwa juu ya turubai na kuanikwa kando ya njia. Kiwandani husafishwa, hulowekwa kidogo ili ganda lilainike, husagwa na kuchekechwa. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja ambapo ngano hupikwa. Vitamini na madini ambayo sheria ya Kenya imelazimisha yatiwe kwenye unga wa pakiti tangu mwaka 2012 hujenga mwili wa mlaji, lakini hayaui kijidudu chochote. Unga wa mashine ya kusaga ya kijijini hauna tofauti katika jambo hili. Unga wa ngano ni chakula kibichi kama nyama iliyotoka buchani, ila wenyewe hauna damu ya kumkumbusha mpishi.

Ndani ya unga mkavu bakteria hawazaliani, lakini hawafi upesi pia. Hutulia kwa miezi kadhaa. Unga ukishalowana, kwa maji, maziwa au siagi iliyoyeyuka iliyochanganyika na maji, uhai wao hurudi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Marekani, ambako kula kinyunya kibichi ni mazoea ya siku nyingi. Mwaka 2009 zaidi ya watu 70 katika majimbo 30 waliugua kwa bakteria wa E. coli O157:H7 baada ya kula kinyunya cha biskuti kilichotengenezwa kiwandani. Wachunguzi waliutilia unga shaka kuliko viungo vingine, ingawa hawakuweza kuthibitisha moja kwa moja, na kampuni iliyohusika ilianza mwaka uliofuata kutumia unga uliotiwa joto. Mwaka 2016 shaka iliondoka: watu 63 katika majimbo 24 waliugua, na bakteria waliowaambukiza wakapatikana ndani ya unga wa pakiti. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo watoto waliopewa donge la unga mbichi mkahawani ili walichezee wakisubiri chakula.

Habari hiyo ya mwisho inagusa nyumba nyingi za Kenya. Siku ya chapati, mtoto anayesumbua jikoni hupewa kidonge cha unga afinyange ng'ombe au gari, na nusu ya gari huishia mdomoni. Hakuna yai hapo, na kwa hiyo hakuna anayeona hatari.

Wanaojua habari ya unga mara nyingi hupewa ushauri wa kuukaanga mkavu kwenye kikaango, au kuutandaza kwenye sinia ndani ya oveni, kwa dakika tano hivi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haikubaliani na njia hiyo ya nyumbani. Sababu yake inaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kupika githeri. Mkono huweza kuingia ndani ya oveni yenye nyuzi 150 kwa sekunde chache ukatoka mzima. Mkono uleule ukikutana na mvuke unaotoka chini ya kifuniko cha sufuria, huungua papo hapo, ijapokuwa mvuke huo haufiki hata nyuzi 100. Joto lenye unyevu hupenya na kuua kwa haraka, joto kavu hujivuta. Bakteria aliyekauka ndani ya chembe ya unga huvumilia kiwango cha joto ambacho kingemmaliza mara moja ndani ya mchuzi. Tena unga kwenye kikaango haupati joto sawasawa: wa chini unageuka rangi huku wa juu ukiwa bado vuguvugu. Viwanda vinavyouza unga wa kuliwa bila kuokwa huwa na mitambo inayopima joto na muda, na hupima sampuli kuona kama vijidudu wamekufa kweli. Jikoni hakuna cha kupimia isipokuwa harufu nzuri ya unga uliokaangwa, na harufu haisemi lolote kuhusu bakteria. Kukaanga hupunguza hatari kiasi. Kwa chakula cha mtoto, kiasi hicho hakitoshi.

Njia ya kuaminika ni kuupika unga na maji au maziwa, jambo ambalo kila nyumba inayopika uji inalifanya tayari. Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 93, ndiyo maana maharagwe huko huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Hata hivyo nyuzi 93 zenye unyevu ni nyingi mno kwa salmonela na E. coli, ambao hufa kwa sekunde chache chakula kikifika nyuzi 75. Uji uliotokota Chepsaita ni salama kama uliotokota Mombasa.

Kwa watoto watano au sita, vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano huvurugwa ndani ya nusu kikombe cha maziwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo sufuria ibandikwe kwenye moto mdogo. Mchanganyiko hukorogwa bila kupumzika, kwa kuwa maziwa hushika chini upesi. Ukiwa mzito hutoa mapovu makubwa yanayopasuka kwa kishindo, na kuanzia hapo huachwa utokote kwa dakika mbili kamili huku ukikorogwa. Sufuria hufunikwa na kuwekwa ndani ya beseni la maji baridi ili uji upoe haraka. Kwenye bakuli lingine, gramu 60 za siagi au Blue Band, karibu robo ya mkebe wa gramu 250, hupigwa pamoja na vijiko vikubwa vinne vya sukari ya kahawia na chumvi kidogo sana mpaka zilainike. Uji uliopoa kabisa huongezwa kidogo kidogo; ukiwa na joto, siagi itayeyuka na kazi yote kuharibika.

Mpaka hapo bakuli lina kitu kinachofanana na krimu ya keki. Ili kiwe kinyunya chenye mwili, kinahitaji unga mwingine, na kwa kuwa unga mbichi umekataliwa, nafasi yake huchukuliwa na biskuti zenyewe. Biskuti za kawaida za dukani, za Marie au nyingine zisizo na krimu, ni unga uliokwisha kuokwa. Gramu 200 hupondwa kwa kifimbo cha kusukumia chapati ndani ya kitambaa safi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na kitambaa hufanya kazi vizuri zaidi), kisha huchanganywa na ile krimu. Donge likiachwa nusu saa mahali pa baridi, biskuti hunywa unyevu na kinyunya hushikana. Likibaki laini, biskuti chache zaidi hulisaidia. Vipande vya chokoleti, nazi iliyokaangwa au vanila hutiwa mwishoni. Kinyunya hiki hakiokeki vizuri, na anayetaka biskuti za kuoka atengeneze kinyunya chake kando, kwenye bakuli lake. Aliyeacha mayai kwa sababu ya mzio asome pia karatasi ya biskuti, kwani baadhi hutengenezwa kwa mayai.

Asiyetaka shughuli ya uji anaweza kuponda biskuti tu, akazikanda kwa maziwa mazito ya kopo na siagi. Upishi wa pwani nao una vitu vya namna hii vilivyokwisha kupikwa, kama kashata za nazi na njugu, au semolina iliyokaangwa kwa samli kisha ikamiminiwa maji ya sukari yanayochemka. Kwa jicho la afya, hatua ile ya maji yanayochemka ndiyo yenye thamani.

Viungo vingine navyo vina mambo yake. Maziwa yaliyokamwa asubuhi huweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa wa homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo ambao tiba yake huchukua wiki nyingi. Katika kinyunya hiki maziwa huchemka pamoja na unga, kwa hiyo hayana neno, lakini malai au siagi ya nyumbani iliyotolewa kwenye maziwa mabichi haipiti motoni. Bora ya kiwandani, au samli iliyopikwa ikapoa. Njugu zichaguliwe moja moja, zilizokunjamana na zenye ukungu zitupwe. Sumu ya aflatoksini haiondolewi kabisa kwa kukaanga, na Kenya iliionja mwaka 2004, pale mahindi yenye ukungu yalipowadhuru watu 317 mashariki mwa nchi, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo lake haliwezi kuzidhibiti.

Kuhusu kiasi, zaidi ya theluthi moja ya kinyunya hiki ni mafuta na sukari. Kidonge cha ukubwa wa ndimu kinamtosha mtoto.

Kupika hakumalizi kila kitu. Unga huwa na mbegu za bakteria wa jamii ya basila zinazovumilia kuchemka, nazo huamka chakula kikikaa vuguvugu kwa muda mrefu. Ndiyo sababu uji hupozwa haraka, na kinyunya kisichopata friji huliwa ndani ya saa mbili. Baridi ya jioni ya Uasin Gishu haichukui nafasi ya friji. Ndani ya friji, kwenye chombo chenye kifuniko, hukaa siku tatu. Meza iliyokuwa na unga mbichi ifutwe kwa maji ya moto na sabuni kabla kinyunya kilichopikwa hakijawekwa juu yake, na vivyo hivyo kwa kachumbari siku ya chapati, kwa kuwa unga wa kunyunyizia huruka mbali kuliko unavyodhaniwa.

Mtoto aliyekula kinyunya kibichi halazimiki kupelekwa hospitali kama hana dalili. Salmonela huonyesha dalili kati ya saa sita na siku sita: homa, tumbo kunyonga, kuhara. Kwenye maduka ya dawa ugonjwa huo mara nyingi huitwa taifodi, ingawa taifodi huletwa na salmonela wa aina nyingine. Kwa watoto wadogo, hasa wenye malaria, utapiamlo au VVU, hata salmonela asiye wa taifodi huweza kuingia damuni, na hapo dawa za duka la dawa hazifai kitu. E. coli wa aina hatari huchukua kwa kawaida siku tatu au nne, na kuhara kwake huanza na maji kisha kukawa na damu. Kumpa mgonjwa huyo antibiotiki bila kupimwa kunaweza kumletea madhara makubwa, kwa kuwa baadhi huongeza sumu mwilini. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayehara hupewa maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na huendelea kula na kunyonya. Akihara damu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na ikiwa siku chache baadaye anakojoa kidogo, amepauka na hana nguvu, figo zake huenda zimeguswa. Hali hiyo ni ya hospitali yenye huduma ya kusafisha damu, ambayo kwa mkazi wa Chepsaita ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret.