Nyumba ya Mashambani Isiyo na Chama cha Wakazi: Uliza Haya Kabla ya Kulipa

Wakazi wengi wa Makadara, kuanzia Buruburu hadi Maringo na Mbotela, wanatafuta nyumba nje ya jiji, mahali pasipo na geti la pamoja wala ada ya kila mwezi. Macho yao yako zaidi upande wa Tala, Kangundo na Matuu. Mtaalamu wetu wa masuala ya ardhi anawajibu baadhi yao.

Nimechoka kulipia askari na taka kila mwezi. Nikihamia Kangundo si gharama hizo zitaniondokea? – Baba wa watoto watatu, Buruburu

Ada itakuondokea, ndugu yangu, lakini kazi itabaki. Shimo la taka utachimba mwenyewe, ua utaweka mwenyewe, na mvua ikikata barabara hakuna mwenyekiti wa kupigia simu.

Hata hivyo, usidhani kule watu wanaishi kila mmoja kivyake. Ukambani majirani husaidiana kazi kwa mwethya, Wakikuyu kwa ngwatio, Wajaluo kwa saga. Matuta mengi unayoyaona kwenye miteremko ya Machakos, yale yanayozuia udongo usisombwe na maji, yalichimbwa na vikundi vya mwethya. Hakuna karatasi utakayotia sahihi kujiunga, wala hakuna atakayekushtaki ukikosa kutokea. Lakini majirani wakitoka na majembe kuziba mashimo ya barabara nawe umejifungia ndani, siku ukiibiwa usiku utapiga kelele peke yako. Kabla hujanunua, kaa na mzee wa kijiji na majirani wawili watatu, uwaulize wanashirikiana katika nini. Mimi hilo nalipa uzito kuliko rangi ya nyumba.

Pasipo na chama naweza kujenga na kufuga nitakavyo? – Kijana, Hamza

La. Kibali cha ujenzi bado ni cha kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kumbuka pia kwamba uhuru unaoufurahia wewe ndio anaoufurahia jirani, na huenda akafungua baa au kujenga banda la kuku elfu moja karibu na dirisha lako.

Muuzaji amenionyesha hatimiliki. Si hiyo inatosha? – Mama wa Jericho

Haitoshi, mama. Fanya sachi kwa msajili wa ardhi, kisha omba historia ya ardhi hiyo tangu iliposajiliwa mara ya kwanza. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hatimiliki haimlindi mnunuzi iwapo ilitolewa kwa njia isiyo halali tangu mwanzo. Aliyenunua alipoteza ardhi ya ufuoni.

Mashambani, hata hivyo, tatizo ninalokutana nalo zaidi ni jina la marehemu. Hatimiliki iko kwa jina la babu aliyekwisha kufa, na wajukuu wawili wanakuuzia nyumba huku wa tatu yuko Mombasa na hana habari. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Wakikuambia kesi ya urithi iko karibu kwisha, wangojee waimalize. Na ikiwa mwenye nyumba yu hai na ana mke, mke huyo lazima akubali kwa maandishi. Hivyo ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, na mke akiuza, mume naye vivyo hivyo.

Broka anataka tuandikiane kwa chifu, pesa taslimu. – Msomaji, Makongeni

Chifu anaweza kushuhudia, lakini hawezi kuhamisha ardhi. Nyumba iliyo juu ya shamba la kilimo lazima ipitie Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo huongozwa na naibu kamishna wa kaunti. Ombi linapelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi. Bila kibali cha bodi, sheria inauhesabu mkataba wenu kuwa batili, na unachobaki nacho ni kumdai muuzaji pesa zako kama deni, huku yeye ameshazitumia. Weka wakili wako mwenyewe, pesa zipitie akaunti yake. Ushuru wa stempu huko mashambani ni asilimia 2 ya thamani, si 4 kama mjini, kwa hiyo usikubali kutozwa zaidi.

Nikienda kuiona nyumba nitazame nini? – Dada wa Ofafa

Barabara, dada yangu. Ichukue ramani ya usajili, uende na mpima ardhi, akuonyeshe bikoni zote na njia ya kuingilia kama imechorwa. Njia nyingi zinapita katika shamba la mtu kwa hisani yake tu. Mzee akifariki, watoto wanazungusha seng'enge asubuhi moja na gari lako limo ndani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inakuruhusu kuomba mahakama ikufungulie njia, lakini hiyo ni kesi, na kesi ni miaka.

Kisha tazama kuta, hasa pembe za milango na madirisha. Ufa unaopanda kimshazari kutoka pembe ya mlango, kwenye udongo mweusi kama wa Kamulu na Joska, mara nyingi ni dalili kwamba udongo ule haukuondolewa kabla ya kuweka msingi. Unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na rangi mpya haiponyi kitu. Maji ya kisima yaonje mwenyewe, maana mengi ya upande huo yana chumvi. Kama kuna mifereji ya paa na tangi kubwa, hiyo ni mali.

Usiende Januari au Agosti, wakati njia zote ni kavu. Nenda Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Matatu ikikuachia kilomita mbili za matope, bei uliyotajiwa ipunguzwe, au utafute nyumba nyingine.