Somo la Kikundi: Mashine Kuukuu ya Kupandia, Tununue au Tuache?



Kila kiangazi kikikaza, mwezi wa Januari na Februari, maneno ya mashine huanza. Mmoja ameona planta kuukuu imelala nyuma ya karakana Malindi mjini. Mwingine amesikia shamba kubwa litapiga mnada vyuma vyake. Mkutano unapamba moto: "Tuchange tununue, tumechoka kuinama!" Na ni kweli. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Mgongo wa mtu una kiasi chake.

Sisi pia tulisema hivyo, tukachanga, tukanunua. Somo hili linatokana na yaliyotupata.

YALIYOTUPATA

Tulinunua planta ya kukokotwa na punda wawili. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, inang'aa. Tuligeuza gurudumu, likazunguka, tukafurahi, tukalipa. Hatukutia hata punje moja ya mbegu kuijaribu. Fedha za mfuko ziliisha siku hiyo hiyo.

Mvua ya mwaka iliponyesha, planta ikaingia shambani kwa zamu. Baada ya wiki moja mahindi ya kwanza yakachomoza, nasi tukaona mapengo, hatua nzima bila mche. Kumbe sahani ya mbegu ilikuwa imelika. Punje nyingine zilipasuka, nyingine hazikuanguka kabisa. Tukatafuta sahani nyingine Malindi, hakuna, Kilifi, hakuna, Mombasa tukaambiwa aina ile haitengenezwi tena. Siku kumi na moja zikapita hivyo. Waliokuwa mwisho wa zamu, wengi wao kina mama wasio na msaidizi nyumbani, wakarudi kwenye jembe mvua ikiwa imeshakwenda mbali. Wakati wa mavuno tulijua ni nani aliyekula hasara. Hawakuwa wale waliochagua mashine.

Basi jambo tunalotaka kila kikundi kilishike ni hili: bei ya mashine kuukuu si zile shilingi mnazolipa tu. Bei yake ni pamoja na siku za mvua zitakazopotea ikikataa kufanya kazi. Kwa hiyo ijaribiwe kwa mbegu kabla ya kulipiwa, na itengenezwe kabla ya mawingu.

1. JE, INATUFAA?

Wazee wa Magarini wanakumbuka mradi wa makazi uliosaidiwa na serikali ya Australia, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwisho wa miaka ya 1980. Vichaka vilisafishwa kwa mashine kubwa, fedha nyingi zikatumika, lakini kilimo hakikuleta mavuno yaliyotarajiwa. Mashine ilikuwa na nguvu, ila nguvu peke yake haiulizi udongo wala mvua ya mahali.

Nasi tujiulize kwa kiasi chetu. Planta ya kukokotwa inataka shamba lililokwisha kulimwa, lisilo na visiki, lenye mistari mirefu. Kama vishamba vyenu ni robo ekari, kimoja huku na kimoja kule, katikati ya minazi na mikorosho, punda watamaliza asubuhi wakigeuka tu. Hapo afadhali kile kifaa cha mkono cha kuchoma ardhini na kudondosha mbegu, ambacho mtu hukitumia amesimama wima. Kina vipande vichache, na fundi wa jua kali hukitengeneza bila taabu.

Tena mjue ni nani atakayeikokota. Punda anayechota maji kila siku huko Bamba au Ganze hajui kwenda mstari. Afundishwe kabla ya msimu.

2. KUTU SI UGONJWA MKUBWA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi mpya juu ya chuma kikuukuu itutie shaka, maana mara nyingi inaficha nyufa. Afadhali mashine yenye kutu ya wazi, kwa sababu mnaona kila kitu. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi; chuma kikilala nje mwaka mmoja kinakuwa chekundu. Lakini kutu ya juu inasuguliwa ikatoka. Kinachotutia hasara ni chuma kilicholiwa, na kipande kisichopatikana. Angalieni hivi:

- Gongeni kila kipande kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.
- Pigeni fremu kwa ncha ya bisibisi palipo na kutu nene. Ikizama, chuma kimeoza.
- Shikeni gurudumu mlitikise upande kwa upande. Likicheza sana, beringi au kichaka cha ekseli kimekwisha.
- Tazameni meno ya mnyororo. Yakiwa makali kama ya papa, mnyororo utakuwa unaruka.
- Chunguzeni kile kisu kinachofungua mfereji. Udongo wetu wa mchanga hula chuma upesi. Kisu kikiwa kifupi, si neno: fundi anaweza kuchonga kingine kwa springi kuukuu ya lori.
- Ulizeni kipande kilichopasuka ni cha chuma gani. Chuma cha kumimina hakishikani vizuri kwa kuchomelea kwa kawaida. Msikubali kuambiwa "tutapiga welding, kwisha."

Halafu orodhesheni vipande vinavyokosekana, na mtu mmoja aende dukani kuuliza bei ya kila kimoja KABLA hamjalipa. Jumlisheni bei ya mashine, vipande, fundi na usafiri. Hiyo ndiyo bei yenyewe. Ikikaribia bei ya mashine mpya, shukuruni mwende zenu.

3. JARIBIO LA MBEGU

Nendeni na mbegu ile ile mtakayopanda, iwe ni PH4 au ya nyumbani, kwa sababu punje hazilingani ukubwa. Muuzaji akikataa jaribio, jibu mmeshapata.

Pimeni mzunguko wa gurudumu kwa kamba. Tuseme ni sentimita 126. Sahani ya mbegu ina matundu manne, na inazunguka mara moja kila gurudumu likizunguka mara moja. Gawanyeni 126 kwa 4: punje itaanguka kila baada ya sentimita 31 na nusu. Mkipanda punje moja moja, nafasi hiyo inafaa.

Sasa inueni mashine, tandikeni gunia chini, zungusheni gurudumu mara 20 polepole kwa mwendo wa punda. Ni sawa na kutembea mita 25. Hesabuni punje: ziwe karibu 80. Zikiwa 60, robo ya shamba lenu itakuwa tupu. Tazameni pia zilizopasuka, maana hizo hazitaota. Rudieni mara tatu. Kazi hii yote haifiki nusu saa. Sisi kwa kuikosa hiyo nusu saa tulipoteza siku kumi na moja.

4. KUITENGENEZA

Anzeni mara tu baada ya mavuno, wakati mafundi hawana foleni.

Kwanza, ioshwe. Mashine kuukuu huweza kuwa na mabaki ya dawa ya mbegu au ya wadudu. Vaeni glavu, na maji machafu yasiende kisimani wala kwenye lambo.

Pili, kabla ya kufungua chochote, mmoja achore jinsi vipande vilivyokaa, na kila bolti iwekwe kwenye kopo lake. Nati iliyogoma ipakwe mafuta ya taa ilale usiku kucha, kisha igongwe taratibu. Msiikaribishe moto ingali na mafuta.

Tatu, sugueni kutu kwa brashi ya waya na msasa. Vipande vidogo vya chuma viloweke usiku mmoja kwenye maji mazito ya ukwaju au siki, kama mama zetu wanavyosafisha shaba, kisha vioshwe na kukaushwa juani saa hiyo hiyo.

Nne, sahani ya mbegu isiyopatikana inaweza kukatwa kwa plastiki ngumu au ubao mgumu. Ndivyo tulivyofanya mwishowe. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko punje, liingie moja tu. Fundi wetu alikosea mara mbili, ya tatu ikakubali, na msimu wa pili planta ile ile ilipanda bila mapengo.

Tano, pakeni rangi ya kuzuia kutu. Beringi zitiwe grisi. Kisu kipakwe oili chafu kikiwekwa stoo. Lakini sanduku la mbegu liwe kavu kabisa, maana oili hufanya mbegu zishikane.

5. MAPATANO KABLA YA PUNDA KUFUNGWA

Chuma huvunjika kikatengenezwa. Kikundi kikivunjika ni kazi kubwa zaidi. Andikeni kwenye kitabu cha mikutano, kila mtu akisikia:

- Zamu itakwendaje? Sisi sasa tunapiga kura, na aliyekuwa wa mwisho msimu huu anakuwa wa kwanza msimu ujao.
- Nani anaitunza na kuilaza wapi? Isilale nje.
- Kila anayeitumia analipa kiasi gani kwa mfuko wa matengenezo, hata akiwa mwenyekiti?
- Ikiharibika katikati ya mvua, tutasubiri siku ngapi? Sisi tumekubaliana mbili tu. Siku ya tatu wote tunashika majembe na kuanza na mashamba ya waliobaki nyuma.

Hilo la mwisho tungelikuwa nalo ule msimu wa kwanza, wenzetu wasingeachwa peke yao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, mashine ikikwama ni nani atakayeumia kwanza? Je, huwa tunamsikiliza tunaponunua?
2. Ni kazi gani hasa inayotushinda: kulima, kupanda au kupalilia? Je, mashine tunayoitaka inafanya kazi hiyo?
3. Ni fundi gani wa karibu anayeweza kuitengeneza? Tumwalike aje nasi siku ya kuitazama.
4. Mfukoni tuna kiasi gani, na kitabaki kiasi gani baada ya kununua?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao kila mwanachama apime shamba lake kwa hatua na kuleta urefu na upana. Chorani mashamba yote kwenye karatasi moja kubwa. Mkishaliona hilo karatasi, ndipo mtajua kama mnahitaji planta, kifaa cha mkono, au majembe mazuri na watu wa kusaidiana.